Daktari amekataa kusaini fomu ya medikali ya viza ya kustaafu Thailand, nifanyeje?

BintiTakaungu

Habari zenu jamani, naomba msaada kwa yeyote aliyepitia hili manake mwenzenu nimekwama pabaya. Mimi ni wa Kilifi lakini naishi Houston miaka mingi sasa, pasi ya Kenya ninayo na ya Marekani ninayo, bwanangu ni wa huku huku, yeye ana 66 mimi 57, na wote tumeshaacha kazi. Roho yake iko Chiang Mai, ana marafiki walihamia huko, basi kila mara wanamtumia picha za masoko na milima mpaka nami nikalegea, tukasema tuombe ile viza ya kustaafu ya Thailand, ile O-A ya mwaka mmoja unayoombea ukiwa bado nje.

Pesa tumejipanga, ile baht 800,000 wanayotaka waione kwenye akaunti kila mmoja anayo kwa jina lake. Barua ya polisi ya kuonyesha hatuna rekodi ya jinai imeshaagizwa. Kilichotushinda ni karatasi moja tu, cheti cha daktari.

Fomu yenyewe ni ukurasa mmoja. Daktari anaandika jina lake na namba ya leseni, anasema amekupima na hukuonekana na magonjwa matano, yaani ukoma, kifua kikuu, uraibu wa dawa za kulevya, matende, na kaswende iliyofika hatua ya tatu. Basi. Nikampelekea daktari wangu, kijana mzuri tu, ana adabu, akaisoma, akarudia kuisoma, akaniuliza matende ndiyo nini. Nikamweleza kwamba kwetu pwani zamani ulikuwa ukikuta mzee kakaa barazani mguu mmoja umejaa kama gunia la nazi, ndiyo matende hayo. Akageuza kompyuta yake akatafuta, picha zikatoka, uso ukambadilika, kisha akavuta suruali yangu juu kidogo akaangalia vifundo vya miguu, mimi nacheka ndani kwa ndani. Halafu akaweka kalamu chini. Ati hawezi kusaini kwamba sina ugonjwa ambao hajawahi kuuona wala hajui unapimwaje, na ukoma pia vivyo hivyo, niende kwa bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Nimepiga simu huko, apointimenti ni miezi na wakati hizi karatasi zote zinatakiwa zisizidi miezi mitatu tangu zitolewe!

La pili, TB. Amenidunga ile sindano ya chini ya ngozi mkononi, na kama kawaida yangu mkono umevimba, nesi akapima kwa rula akaandika ni positivu. Nina alama ya BCG, ile chanjo ya TB, begani tangu utotoni kama sisi sote, na kila nikidungwa hiyo kitu matokeo ndiyo hayo hayo. Sasa naogopa nitaandikwa nina kifua kikuu bure bure.

La tatu, ubalozi wanataka notari, yule ofisa wa kuthibitisha saini. Pale kliniki notari hawana, hata muhuri wao wenyewe hawana!! Nchi tajiri hii daktari hana muhuri.

Halafu kabla ya kuruka Bangkok tunataka tupitie Kilifi tumwone mama, sijui hilo nalo lina shida yake. Nisaidieni jamani, kuna anayejua njia?

NesiWaMinnesota

Dada BintiTakaungu pole sana, lakini nakuhakikishia hapo hujakwama, umemwendea daktari asiye wa kazi hiyo tu. Mimi ni nesi Minneapolis na fomu hii nimeiona mara kadhaa, kuna Wamarekani wengi wanastaafia Thailand na kila mmoja analia kilio chako.

Wewe si ulifanya medikali ya grinikadi? Basi rudi kwa watu wale wale. Wale madaktari walioidhinishwa na uhamiaji wa Marekani kazi yao ya kila siku ni kupima kifua kikuu, kaswende, ukoma na matumizi ya dawa za kulevya, hivyo vimo kwenye medikali ya grinikadi kwa sheria. Yaani katika matano ya Mthailand, manne daktari wa grinikadi anayapima asubuhi mpaka jioni na anasaini bila kutetemeka. Linabaki matende peke yake. Ingia tovuti ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, kuna sehemu ya kutafuta hao madaktari kwa kuandika zip kodi yako, Houston wapo tele. Usiende na ile fomu ya grinikadi lakini, hiyo haikuhusu, unakwenda na fomu yako ya Thailand na unalipa kama mgonjwa wa kawaida wa keshi. Bima yako ya afya hailipii hii kitu hata ukiomba.

Kuhusu kusaini, mwambie daktari aisome fomu polepole. Haimwombi aape kwamba huna mdudu hata mmoja mwilini, inamwomba aseme kakupima na hakuona ugonjwa. Ukoma unaangaliwa kwenye ngozi, kama kuna mabaka yasiyosikia ukiyagusa, na mishipa ya fahamu ya viwiko kama imevimba. Matende unaangalia miguu, mikono, na kwa wanaume na kule chini (samahani shemeji). Hakuna aliyesema damu itolewe saa sita za usiku kama walivyokuwa wanafanya timu za matende pwani zamani manake wale wadudu hujitokeza kwenye damu usiku.

Na huyo daktari wako anayeona ukoma ni kitu cha kwenye Biblia umwambie kwa heshima tu kwamba Texas yenyewe ukoma upo, na wale armadilo, wanyama wenye magamba kama kakakuona, wanaogongwa barabarani huko kwenu wanabeba vijidudu vyake lol.

Sasa TB. Sindano ya mkononi ikishirikiana na BCG ndiyo hadithi ya Waafrika wote hapa Marekani, BCG inaweza kabisa kuufanya mkono uvimbe. Usibishane nao, omba kipimo cha damu, kile cha IGRA, jina lake linalojulikana zaidi ni QuantiFERON. Hicho BCG haikisumbui. Madaktari wa grinikadi ndicho wanachotumia siku hizi, walishaacha sindano tangu 2018. Kikitoka negativu umemaliza. Kikitoka positivu nacho usizimie, maana yake ni kwamba wakati fulani mdudu wa TB aliingia na mwili ukamfungia ndani, ni wengi mno kwetu tuko hivyo na wala hatuumwi. Hapo unapigwa X-ray ya kifua, ikiwa safi na hukohoi wala hujapungua uzito, daktari anaweza kuandika huna ugonjwa wa kifua kikuu kwa sababu kweli huna. Ila atakushauri umeze dawa za kinga na mimi nakushauri umsikilize, miaka ikisogea kinga inashuka.

Kaswende ni damu tu, RPR, majibu yanatoka haraka. Hata mtu aliyewahi kuugua akatibiwa asiogope hapo, hatua ya tatu ni ile iliyokaa miaka bila dawa ikafika moyoni au kwenye ubongo.

mzee_wa_Hua_Hin

Nesi kamaliza upande wa hospitali, mimi niongezee upande wa karatasi. Mimi ni Mtanzania, nipo Thailand Hua Hin na mke wangu ambaye ni mtu wa hapa, na hawa wastaafu wa kigeni ndio majirani zangu kwa hiyo mambo yao nayasikia kila siku kwenye kahawa.

Kwanza muhuri. Dada usihangaike na muhuri wa kliniki, Marekani hawatumii, ubalozi wanajua hilo. Mwombe daktari aprinti fomu kwenye karatasi yenye jina na anwani ya kliniki, au aambatanishe barua fupi yenye kichwa hicho, namba ya leseni iandikwe isomeke. Kinachochunguzwa ni leseni na saini na tarehe.

Notari watu wanaelewa vibaya. Notari hathibitishi kwamba huna ukoma, yeye anathibitisha ni nani kasaini mbele yake. Kwa hiyo njia ni mbili, ama daktari asaini mbele ya notari, na hapo utamtafuta notari anayetembea aje kliniki, ama wewe uandike tamko la kiapo la sentensi mbili tatu kwamba cheti kilichoambatanishwa ni halisi na ulipewa na daktari fulani, kisha usaini WEWE mbele ya notari. Majirani zangu wengi walipita hiyo ya pili. Benki yako mwenyewe huenda ina notari na mara nyingi mteja hatozwi. Ila soma kwanza orodha ya ofisi itakayopokea maombi yako, kwa sababu Thailand huko Marekani ina ubalozi Washington na balozi ndogo (konseli) New York, Chicago na Los Angeles na kila moja ina masharti yake madogo madogo, siku hizi maombi yanaingia mtandaoni na unapangiwa ofisi kutokana na jimbo unaloishi.

Pasi iwe na miezi 18 imebaki. Hapo wengi wanaangukia, wanafikiri ni sita.

Na bima! Hujaitaja. O-A tangu mwisho wa Oktoba 2019 haitoki bila bima ya afya na tangu 2021 kiwango ni dola 100,000 au baht milioni 3. Bima ya kampuni ya nje inakubalika ila kampuni lazima ikujazie ile fomu ya kuthibitisha bima ya nje. Shemeji ana 66, Medicare, ile bima ya serikali ya Marekani ya wazee, nadhani anayo, basi ajue hiyo huku haitambuliki, Medicare hailipi matibabu nje ya Marekani ukiondoa mambo machache sana. Kwa umri huo bima ndiyo itakayokutoeni jasho, daktari ni kitu kidogo.

Nikuulize swali la kichokozi, kwani lazima iwe O-A? Kuna Non-O ya kustaafu, ya siku 90. Hiyo kwa kawaida haidai medikali wala barua ya polisi. Unaingia, unafungua akaunti, unaweka baht 800,000 kwenye benki ya hapa, inakaa miezi miwili, ndipo unaenda uhamiaji kuomba mwaka, ada ni baht 1,900. Baada ya kupewa pesa inakaa tena miezi mitatu bila kuguswa, halafu huruhusiwi kushuka chini ya 400,000 mpaka ujaze tena kwa ajili ya mwaka unaofuata. Bima hawakulazimishi. Ubaya wake ni huo, pesa inalala huku, na kwa O-A pesa inaweza kubaki Houston.

Kitu kingine cha O-A ambacho hawakwambii, ukishaingia nayo sharti la bima linakufuata hata mwaka wa pili unapoongeza ukiwa ndani. Nina jirani mzee wa miaka zaidi ya 75 bima zote zimemkimbia kwa sababu hiyo, ikabidi atoke nje aanze upya na Non-O.

Kijogoo254

Subirini kwanza. Wazungu wanauza nyumba zao Italia waje wastaafu Malindi na Watamu, na nyinyi mko na Kilifi YENYEWE mnataka kwenda kupimwa ukoma ndio muishi Chiang Mai?? 😂😂 Kenya kibali cha kuishi cha Klasi K kwa mgeni ni umri wa miaka 35 kwenda juu na mapato ya dola 24,000 kwa mwaka, na huyo mzee wako ana mke Mkenya hata hahitaji kusumbuka hivyo. Aki watu wa pwani.

BintiTakaungu

@Kijogoo254 😂 umesema ya mamangu hayo. Kilifi tutakuja kila mwaka usijali. Bwanangu joto la pwani linamshinda, Chiang Mai angalau kuna baridi kidogo Desemba.

Nesi Mungu akuweke, wallahi sikuwahi kufikiria daktari wa grinikadi, na wakati huyo niliyemwendea mimi enzi hizo bado kliniki yake iko palepale. Mzee wa Hua Hin asante sana, hiyo ya Non-O nimemsomea bwanangu amenuna, hataki kusikia pesa ikae benki ya mbali. Tunabaki na O-A. Bima tunayo imetajwa kiwango hicho lakini hiyo fomu ya kujaziwa sikuijua, leo hii nimewaandikia.

Swali dogo, kwenye fomu imeandikwa uraibu wa dawa za kulevya. Bwanangu ana mgongo, anameza vidonge vikali vya maumivu vya kuandikiwa na daktari. Sasa akipimwa mkojo si itatoka?

Sukari_na_Presha

Nami nidandie hapo hapo. Niko Uingereza, nina kisukari na presha, nina mpango kama huo wa Thailand huko mbele, je hayo magonjwa yananifungia mlango? Na VVU? Nauliza kwa niaba ya mtu, hana ujasiri wa kuuliza.

NesiWaMinnesota

Naanza na wa Uingereza. Kisukari, presha, moyo, kansa, hakuna hata kimoja kwenye orodha. VVU pia havimo. Orodha ni yale matano tu, imetoka kwenye kanuni ya wizara yao namba 14 ya 1992 na ndiyo hiyo inayotumika kwenye fomu. Mwambie huyo mtu wako asilale macho wazi. Watu wetu wanachanganya na medikali za Ghuba, na siwalaumu, ukienda kazini Omani au Saudia lazima damu ipimwe virusi na homa ya ini na kifua kipigwe X-ray, ukikutwa na kitu unarudishwa, kwa hiyo neno medikali likitajwa tu kila mtu tumbo linamkata. Hii ya Thailand ya wastaafu haiko hivyo. Ila bima, kama alivyosema mzee, ndiyo itakayokuuliza habari za kisukari chako, na wanaweza kukubali kukukatia halafu waandike kwamba chochote kitokanacho na sukari hawalipi. Soma maandishi madogo.

Dada, kwa shemeji. Fomu hailazimishi kipimo cha mkojo, ni uamuzi wa daktari, wengine wanapima wengine wanakuuliza na kukuchunguza. Aende na chupa zenye lebo ya famasi na barua ya daktari wake wa mgongo inayosema anameza nini, kipimo gani, tangu lini na kwa nini. Mgonjwa anayemeza dawa kama alivyoandikiwa si mraibu na daktari yeyote wa grinikadi analijua hilo. Asifiche tu. Akificha halafu mkojo ukasema mengine hapo ndipo saini itagoma.

Lakini kuna kubwa kuliko hilo, kubeba hivyo vidonge kuingia navyo Thailand. Kama vina kodini, mofini, oksikodoni na jamaa zao, Thailand wanavihesabu kama dawa za kulevya zenye matumizi ya tiba na anatakiwa aombe kibali kwa mamlaka yao ya dawa, Thai FDA, KABLA ya kusafiri. Kinaombwa mtandaoni. Hili alifanye hata kama viza imeshatoka, uwanja wa ndege wa Bangkok si pa kuanza kueleza habari za mgongo.

Wakala_Mombasa

Mimi nakatisha tiketi hapa Mombasa, ngoja niseme lile la kupitia Kilifi ambalo naona limepitwa na hapa ndipo watu wanaachwa kwenye kaunta wanalia.

Dada ukitoka Houston moja kwa moja Bangkok hakuna anayekuuliza homa ya manjano. Ukipitia Kenya hata kama pasi yako ni ya Marekani, Thailand wanakuhesabu umetoka nchi yenye homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha yao, Uganda imo, Kongo imo. Wanachotazama ni ulikokuwa, uraia wako hauwahusu. Lazima uwe na kadi ya njano, ile ya kimataifa, na chanjo iwe imepigwa angalau siku 10 kabla hujaingia. Ndege yenyewe inaweza kukukatalia kupanda hapa hapa Moi au JKIA. Na ukifika Suvarnabhumi, uwanja wa ndege wa Bangkok, usikimbilie foleni ya uhamiaji, kuna dawati la afya unapita kwanza wakague kadi, wakupe karatasi yao, ndipo uende kwa ofisa wa pasi. Nimeona watu wamesimama foleni saa nzima halafu wanarudishwa nyuma.

Kadi ya zamani usiitupe! Tangu Julai 2016 chanjo ya homa ya manjano ni ya maisha, hata kama kadi yako imeandikwa inaisha baada ya miaka kumi bado ni halali. Jina na namba ya pasi tu ndivyo wanapenda vifanane, kama jina lako lilibadilika ulipoolewa beba na cheti cha ndoa.

BintiTakaungu

Subhanallah. Kadi yangu ninayo, ni ya zamani ina jina la kwa baba. Bwanangu hana kabisa, hajawahi kuchanjwa, alipokuja Kenya zamani alitoka Marekani akarudi Marekani hakuna aliyemuuliza. Ana 66, achanjwe tu siku yoyote?

NesiWaMinnesota

Hapana hapo simama kidogo. Ile chanjo ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa inapanda. Ni nadra lakini ipo. Haimaanishi hawezi kuchanjwa, inamaanisha akae na daktari wa kliniki ya wasafiri wapige hesabu, ana ugonjwa gani mwingine, kinga yake ikoje, anameza nini. Akiona haifai anaweza kumwandikia barua ya msamaha kwenye kadi yenyewe, sehemu ipo, ila nchi unayokwenda ndiyo inaamua kama inakubali, kwa hiyo muulize ubalozi wa Thailand kwanza kwa maandishi.

Au mgeuze safari. Nendeni Bangkok kutoka Houston, mkae, Kilifi mje mwakani na suala hili likiwa limetulia. Ndivyo ningefanya mimi.

mzee_wa_Hua_Hin

Hata mwakani kadi itadaiwa vile vile akitoka Kenya kurudi huku, linasogezwa tu. Bora amwone daktari sasa.

Na mkija huko Kilifi kutoka Thailand, kama mmeshaongezewa mwaka ndani ya nchi, msitoke bila kibali cha kurudi, ni baht 1,000 kwa safari moja au 3,800 kwa safari nyingi. Ukitoka bila hicho ule mwaka umeufuta mwenyewe. O-A ya mwaka wa kwanza hiyo ni ya kuingia na kutoka mara nyingi, haina shida mpaka tarehe yake ifike.

Kuhusu mpangilio dada, hii miezi mitatu ndiyo inayowachanganya watu. Usianze na daktari. Anza na kile kinachochelewa, kwako naona ni barua ya polisi na ile fomu ya bima, zikishakuwa mkononi ndipo mpimwe, majibu ya damu yanatoka ndani ya siku chache, notari siku hiyo hiyo, mnapakia mtandaoni kila kitu kikiwa bado kibichi. Aliyeanza na medikali hurudi kupimwa tena.

Kijogoo254

Na mimi nimejifunza kitu leo, kumbe kadi yangu ya njano ni ya maisha na nililipia nyingine juzi tu 😭 Nani nimdai?

Wakala_Mombasa

Hakuna wa kumdai ndugu yangu, weka zote mbili kwenye pasi.

BintiTakaungu

Nimepiga simu kwa madaktari wa grinikadi wawili. Wa kwanza karani wake alikata niliposema Thailand, nadhani alifikiri namtapeli. Wa pili ni mama mmoja wa Kihindi, nikamtumia fomu kwa imeili, akanipigia mwenyewe. Matende anayajua, ati aliyaona sana alipokuwa anasoma kwao. Anataka QuantiFERON na RPR kwa wote wawili, X-ray ni kwangu tu endapo damu itakuwa positivu, na bwanangu alete chupa zake zote za dawa na barua. Notari amesema jirani yake mlango wa pili ni notari, atamwita asaini mbele yake, hatutahitaji kiapo. Keshi tu, kadi hapokei.

Barua ya polisi imesharudi, ya bima wamesema wiki ijayo. Chanjo ya bwanangu tuna apointimenti na kliniki ya wasafiri mwisho wa mwezi na tiketi ya kupitia Mombasa sijaikata bado. Damu tunakwenda kutoa zikishafika za bima.

NesiWaMinnesota

Safi kabisa. Mwambie mama huyo asisahau kuandika tarehe ya siku aliyowapima, si ya siku aliyosaini tu, fomu nyingine nimeona zinarudishwa kwa hilo. Na mnywe maji mengi siku hiyo, mishipa ya damu ya wazee inajificha.

BintiTakaungu

Wazee?? 😂 Haya nesi, nimekusikia.